Kumpulizia Bibi Lotte

Tulimzika Mama Furaha Jumamosi iliyopita, na kutoka makaburini tukarudi Tottenham, kwenye ukumbi wa kanisa lao, kula. Wakongo wa Bukavu hawana masihara na chakula cha msiba. Kulikuwa na sombe, yaani kisamvu chao, bugali wa muhogo, samaki wa kukaanga, na sinia moja la wali lililowekwa pembeni kwa ajili yetu Watanzania, ambao marehemu alipenda kusema hatujui kula. Nilikaa na wenzangu wa zamani, wanawake tuliofanya kazi pamoja kwenye nyumba ya wazee kule Edmonton, kila mmoja sasa magoti yanamuuma na miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Mmoja akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya meza: "Zena! Bado unaingia kwenye kapu?" Meza nzima ikaangua kicheko hadi mchungaji akageuka. Binti yangu, aliyekuja kunichukua kwa gari, akaniuliza kwa Kiingereza ni kapu gani hilo. Huyu binti Kiswahili changu anakisikia chote, hata kile cha kumsengenya baba yake, ila kujibu hujibu kwa Kiingereza, ndivyo walivyo waliozaliwa huku. Nikaanza kumweleza, nikakwama. Kapu halielezeki bila Bibi Lotte, na Bibi Lotte haelezeki ndani ya gari, mtu anatafuta maegesho. Basi nimeona niandike, naye asome, na akitaka kujibu kwa Kiingereza, shauri yake.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka wangu wa kwanza London. Ya nyumbani na ya jinsi nilivyofika siyasemi. Kila aliyefika ana zake, na ukizisikiliza zinafanana. Nilipanga chumba Tottenham, nikapata kazi ya kutunza wazee Edmonton. Nyumba yenyewe ilikuwa na ghorofa moja juu. Juu walikaa wazee ambao bado walijitambua, wakigombana juu ya televisheni na kulalamikia viazi. Chini kulikuwa na upande wenye mlango unaofunguliwa kwa namba, kwa wale ambao kumbukumbu zilikuwa zimewatoka. Upande ule ulikuwa na jina lake zuri tu la maua, lakini hakuna aliyelitumia. Tulisema "chini". "Fulani kapelekwa chini." Neno hilo likitajwa wakati wa chai, wazee wa juu walikuwa wananyamaza na kutazama vikombe vyao, na mimi nilijifunza upesi kutolitaja nikiwa na birika mkononi.

Bibi Lotte alikaa chumba cha mwisho kwenye korido, dirisha lake likitazama yadi ya mabasi. Alikuwa mdogo wa umbo, mgongo umenyooka, na hakunywa chai ya asubuhi kabla hajapaka rangi nyekundu ya mdomo. Wafanyakazi wote walimwita Lotte, kavukavu. Mimi nilishindwa. Mtu wa umri wa bibi yangu nimwite jina lake kama tuliyekaa naye dawati moja? Nikawa namwita Bibi. Siku moja akaniuliza maana yake, nikamwambia ni mama wa mzazi wako, au mwanamke mkubwa unayemheshimu. Akafikiri kidogo. "Vienna jirani yetu alikuwa na mbwa anayeitwa Bibi," akasema. Nikataka ardhi inimeze. "Lakini alikuwa mbwa wa heshima sana. Haya, niite."

Alipokuwa msichana alikuwa mwigizaji huko Vienna, katika ukumbi wa zamani uliojengwa enzi za wafalme. Halafu wakaja wale wa Hitler, na yeye alikuwa Myahudi, akakimbilia London na sanduku moja. Hapa alisugua sakafu za watu, na jioni aliigiza na wakimbizi wenzake kwenye chumba cha chini ya ardhi, watazamaji wamevaa makoti kwa baridi. Hayo ya kukimbia aliyasema mara moja tu, kwa ufupi, huku anatafuta leso. Ya ukumbi hakuchoka kuyasema. Nikimchana nywele, naambiwa jinsi wanafunzi walivyopanga foleni tangu asubuhi kununua tiketi za kusimama, na wakiingia kila mmoja anafunga leso yake kwenye chuma cha kuegemea, na hapo pamekuwa pake. Anaweza kwenda kula akarudi, hakuna wa kumgusia leso. Nikimvalisha soksi, naambiwa ni mwiko kupiga mluzi nyuma ya jukwaa, kwa sababu zamani taa zilikuwa za gesi na gesi ikivuja hulia kama mluzi. Alikuwa na kopo la biskuti alilolificha nyuma ya mapazia, na kahawa yake mwenyewe, maana ya pale aliiita maji ya kuoshea brashi. Alinikatia kipande cha keki nyeusi ya mbegu za popi ambayo mwanawe alimletea, nikala nimesimama, sikio langu mlangoni nisije nikakutwa na meneja. Leo nikipita duka la mikate nikaona keki ile, naingia. Mume wangu husema ina ladha ya mchanga. Hajui kitu.

Lakini katika yote, aliyempenda zaidi ni mtu ambaye watazamaji hawakumwona. Kumbi za wasemao Kijerumani, kama kwao Vienna, alisema, zina kijishimo mbele ya jukwaa, katikati, kimefunikwa na kikofia upande wa watu. Humo anakaa mwanamke na maandishi ya mchezo mapajani, kichwa chake tu ndicho kinafika usawa wa sakafu, na kazi yake ni kuwapulizia waigizaji maneno. Hangoji mtu akwame. Anatangulia nusu pumzi, mstari baada ya mstari, midomo tu. "Jina lake halipigiwi makofi," aliniambia, "lakini akiugua yeye, waigizaji wakubwa wanatetemeka kama watoto." Nilimsikiliza kama unavyomsikiliza mtu mzima, ndiyo Bibi, kumbe Bibi, huku nakunja mataulo. Sikujua kuwa ananipima.

Kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameanza kusahau. Mwanzoni vitu vidogo: kahawa ikawa "ile nyeusi", mimi nikawa "yule mrefu". Halafu akaingia chumba cha mzee mwingine akalala kitandani kwake kwa utulivu kabisa. Mwanawe, Bwana Peter, mwalimu, mtu mpole mwenye macho ya uchovu, akaja kutoka kaskazini kuzungumza na meneja. Walisimama kwenye korido, nami nilikuwa kwenye kabati la mashuka, mlango wazi kidogo. Sikujificha, nilikuwa nahesabu foronya, ila masikio hayana mlango. Meneja alisema chini wana wafanyakazi wengi zaidi, kuna usalama. Bwana Peter alisema hataki kufanya haraka, atakuja tena siku ya kuzaliwa ya mama yake, akae naye kutwa, kisha aamue. Nilipotoka na mashuka yangu nikamkuta Bibi Lotte amesimama kwenye mlango wake, kasikia kila kitu. Midomo yake ilikuwa imepakwa upande mmoja tu. Akanivuta ndani. "Siku hiyo nitaigiza," akasema. "Na wewe utanipulizia."

Nikamwambia Bibi, mimi Kijerumani sikijui. Akachukua gazeti lake akanionyesha jinsi ya kusoma, na kwa kweli Kijerumani si kama Kiingereza. Kinasomeka karibu kama kilivyoandikwa, herufi hazikudanganyi. Nilipomwambia kwamba Schule yao sisi pia tunaiita shule, na kwamba neno hilo tulilipata kwa Wajerumani waliokuja kututawala, alikunja gazeti. "Angalau waliacha kitu kimoja cha maana," akasema, "nina hakika mengine hayakuwa ya maana." Tukaanza. Kipande alichochagua kilitoka kwenye mchezo wa kuchekesha wa zamani, wa aina waliyoipenda watu wa kawaida huko kwao. Mpishi wa tajiri mmoja anaacha kazi, na kabla hajatoka anamsomea bosi wake vyakula vyote alivyompikia bila kuambiwa ahsante: supu ya vitonge vya ini, bata na kabichi nyekundu, vitonge vya unga vyenye plamu ndani, na kuendelea, hasira ikipanda kwa kila sahani. Mwanawe alikua akiusikia. Mama yake alimwigizia jikoni Jumapili. Ndiyo maana aliuchagua.

Tatizo halikuwa Kijerumani. Tatizo lilikuwa mimi. Bibi Lotte alikuwa anasimama katikati ya chumba, kaushika ukingo wa aproni, anaanza, anafika mahali anakwama, na mimi kimya. Nimekaa na karatasi, neno nimeliona, mdomo hauendi. Nimelelewa kuwa mtu mzima akiongea unamwachia amalize. Akikosea, unatazama chini mpaka apate njia mwenyewe. Kumtamkia mtu mzima neno mdomoni! Nikanyamaza kwa heshima zote, naye akasimama pale akizama. "Uko wapi?" akafoka. "Nipo, Bibi." "Hupo! Heshima yako itanipeleka chini!" Siku nyingine nikajikaza, nikampulizia, kumbe hakuwa amekwama, alikuwa ametua ili watu wacheke. Hapo ndipo nilipoona hasira za Vienna. Aliniambia mpulizaji anayeua kituo cha kucheka ni mwizi, afadhali mwizi wa mfukoni. Nilirudi jikoni nikilia. Mama Furaha, aliyekuwa mpishi msaidizi, alikuwa anamenya karoti. Akanisikiliza hadi mwisho, kisu hakikusimama. "Weye Zena," akasema, "mutu mukubwa akikanyaga mahali pabaya, utamuacha aanguke juu ya heshima? Iyo heshima ya namna gani?" Kisha akanipa karoti nitafune, ndiyo ilikuwa namna yake ya kumaliza mazungumzo.

Nikaacha kutazama karatasi, nikamtazama yeye. Na nikaona. Bibi Lotte alipokuwa ametua, kidole gumba chake kiliendelea kuisugua aproni, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Alipokuwa amesahau, kidole kilisimama. Basi. Kidole kikisimama, pulizia. Kikisugua, funga mdomo. Sikumwambia nilichogundua, nilijua akiambiwa ataanza kukitazama kidole chake. Siku niliyompatia kila mahali bila kukosea, hakunisifu. Alikaa kitandani akasema yule mwanamke wa kijishimo kule Vienna alikuwa na mapafu dhaifu na moyo mgumu, na kwamba mimi mapafu yangu mazuri. Nilifurahi wiki nzima.

Siku ya kuzaliwa ilipofika, kukazuka balaa la kijishimo. Meneja, aliyekuwa ameruhusu mchezo ufanyike sebuleni, alidhani nitasimama kando ya pazia. Bibi Lotte akasema kando wanasimama watu wa mataifa mengine. Mpulizaji anakaa mbele, katikati, au yeye haigizi. Sebuleni hakuna shimo. Mama Furaha akapotea kidogo, akarudi anasukuma kapu kubwa la magurudumu la kubebea nguo chafu, lile la turubai, akalifunika shuka jeupe upande wa watazamaji na kuliacha wazi upande wa jukwaa. Nikaingia. Nikikaa chini nimezama, nikichuchumaa kichwa kinatokeza kama cha kobe. Siku moja kabla nilikuwa nimeleta mbuzi yangu ya kukunia nazi kumwonyesha Mama Furaha. Nikayakunja yale meno yake, nikakikalia kibao chake humo ndani, usawa ukawa barabara kabisa. Sidhani kuna ukumbi wowote wa Ulaya ambao mpulizaji wake amewahi kukalia mbuzi.

Kabla hajatoka, Bibi Lotte aliniinamia akanifanyia kitendo cha kutema mate mara tatu juu ya bega langu la kushoto. Moyo wangu ukalainika. Kwetu bibi akikutemea mate amekubariki, ni jambo kubwa, nami nikaitikia kama nilivyofundwa: "Ahsante, Bibi." Alishika kichwa. "Haishukuriwi! Ukishukuru inaharibika!" Kwao ndivyo ilivyo, mtu akikutakia heri ya jukwaani hivyo, unakaa kimya. Akalazimika kunitemea upya, na safari hii nikauma ulimi.

Sebule ilijaa. Bwana Peter alikaa mstari wa mbele, mikono magotini. Meneja akaeleza kwa Kiingereza kisa cha mpishi, na Bibi Lotte akatoka na aproni na kijiko cha mbao. Sijui nisemeje. Yule mtu niliyemvalisha soksi asubuhi hakuwepo. Aliyekuwepo alikuwa mpishi mwenye miguu imara na hasira za miaka mingi, na hata wazee wasiojua neno la Kijerumani walianza kucheka tangu supu. Akaenda, akaenda, mimi natangulia nusu pumzi. Akafika kwa bata. Akatua, watu wakacheka. Kidole kinasugua. Kisha kidole kikasimama.

Nikapuliza. Hakuna kitu. Nikapuliza tena, kwa sauti kidogo. Alikuwa ananitazama, macho yamekuwa meupe kwa hofu, na nilijua hasikii neno, anasikia mlango wa chini. Kwenye kiti cha nyuma mzee mmoja akasema kwa sauti ya kiziwi, "Kasahau, masikini." Bwana Peter akafumba macho. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nchini humu, na uwanja wa ndege nikiuhesabu. Nikajiinua kwenye mbuzi yangu nikatoa mstari mzima, kwa sauti kamili, mbele ya kadamnasi ya watu wazima, sauti ya kumwita mtoto ng'ambo ya barabara: plamu, vitonge, siagi, sukari, vyote.

Bibi Lotte akashtuka. Akanitazama kapuni kana kwamba ndio kwanza ananiona. Halafu akanyoosha kijiko. "Nani kakuuliza wewe?" akanikaripia kwa Kijerumani, kisha kwa Kiingereza ili wote wafaidi. "Msichana wa jikoni! Amejificha kwenye nguo chafu za bosi! Haya, kwa kuwa unajua sana, kingine ni nini?" Nikataja sahani iliyofuata. "Na nani aliipika?" "Wewe!" "Na nani aliila?" "Bosi!" Tukaendelea hivyo, mimi natoa sahani, yeye anaipokea na kuipigia kelele, hadi keki ya mwisho, hadi akavua aproni akaitupia ndani ya kapu ikanifunika uso. Sebule ililipuka. Mama Furaha alikuwa anapiga vigelegele mlangoni na sinia la sandwichi. Nilipojitoa kwenye aproni, Bibi Lotte alikuwa ameshaondoka. Watu wanapiga makofi, jukwaa tupu, meneja ananiashiria kwa mikono yote miwili. Nikasimama ndani ya kapu nikainama, tena, na tena.

Bwana Peter alinikuta kwenye meza ya chai. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mchezo ule hauna msichana wa jikoni," akasema kwa upole. "Naujua wote. Mama yangu alikwama. Nakushukuru sana kwa ulichofanya, lakini lazima unielewe, kwa hali hii mimi sina..." Nikamkatisha. Mtu mzima, mwalimu, mwenye mama yake, katikati ya sentensi, nikamkatisha kauli. "Bwana Peter, amesahau maneno. Kazi hajaisahau. Umeona mwenyewe alivyofanya alipopewa neno. Huko kwao hata wakubwa wanapuliziwa, na hakuna anayefukuzwa. Mwacheni juu. Anachohitaji ni mtu wa kumpulizia." Akaniuliza: "Na siku ambazo wewe hupo?" Kabla sijajibu, Mama Furaha akaliweka sinia mezani, kishindo. "Miye niko," akasema kwa Kiswahili chake, kisha akakigeuza Kiingereza, kidole kifuani. "Kila siku niko. Chakula, dawa, chumba chake iko wapi, miye nitamuambia." Bwana Peter akacheka, akalia, akaenda kumtafuta meneja. Bibi Lotte hakupelekwa chini. Alikaa juu hadi mwisho wake, na koridoni tulijifunza wote kutangulia nusu pumzi: kabla hajafika mlangoni mtu anasema "cha mwisho, kushoto", kabla hajanyanyua kikombe mtu anasema "kahawa".

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile, kabla ya shifti yangu kwisha, nilipanda kumpelekea habari. Nilimkuta kitandani, viatu amevua, anakula biskuti kutoka kwenye kopo lake la siri. Nikamwambia anabaki. Akaitikia kwa kichwa, akatafuna. Nikamuuliza kwa nini hakurudi kupokea makofi, watu walimsubiri. Akasema katika ukumbi ule wa Vienna waigizaji wa nyumba, wale wa kudumu, hawakuruhusiwa kurudi kuinama, hata makofi yakivunja paa. Anayeinama ni mgeni tu, aliyekuja kuigiza usiku mmoja akaondoka zake.

Kisha akanikazia macho. "Wewe uliinama?"

"Ndiyo, Bibi."

"Niliwasikia wakikushangilia." Akanipa biskuti. "Usirudie tena. Wewe si mgeni."

Katika nchi hii mtu alikuwa hajawahi kuniambia hivyo. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake, bado nimevaa yunifomu, nikala biskuti ile huku nalia, naye akaniacha nilie bila kunikatisha.